Mbiu Isiyonyamaza: Tuliyojifunza Kuhusu Lupasi kwenye Kliniki za Moshi

Mgonjwa wa lupasi (lupus) anapofika kliniki ya rufaa hapa Moshi, mara nyingi anakuja na bahasha ya kaki iliyojaa vyeti vya mwaka mzima. Malaria hasi, malaria hasi, malaria hasi. Kipimo cha damu cha Widal kilichosomwa kuwa taifodi. Dozi tatu za antibiotiki. Diklofenaki kwa ajili ya vidole vinavyokakamaa kila asubuhi. Akishakaa anauliza: "Dokta, kama si malaria wala si taifodi, hii homa inatoka wapi?"

Jibu lililozoeleka ni kwamba kinga yake inamshambulia mwenyewe. Ni kweli, ila halimfikishi mbali. Akitoka hapo anakwenda kutafuta dawa ya kuongeza kinga, au anaacha vidonge siku maumivu yanapoisha. Miaka ya kuhudumia ugonjwa huu imetufundisha kwamba mgonjwa aelezwe ni seli zipi zinazokosea na zinapelekeana ujumbe gani. Akilielewa hilo, karibu kila agizo tunalompa linajieleza lenyewe. Muuguzi na mtaalamu wa maabara nao wakilielewa, wanajua kipimo kipi cha kuamini na kipi cha kutilia shaka.

Tuanze na kifo cha seli. Kila siku seli hufa mwilini kwa mabilioni na hatuhisi chochote, maana makrofaji, seli za kinga zinazozoa taka, huzimeza kabla hazijapasuka. Protini ya damu iitwayo C1q, iliyo katika kundi la protini za kinga liitwalo komplementi, huzitia alama zilizokufa ili zizolewe upesi. Kwa mwenye lupasi uzoaji huu unasuasua. Watu wachache sana huzaliwa bila C1q kabisa, na zaidi ya tisa kati ya kumi miongoni mwao hupata lupasi au ugonjwa unaofanana nayo. Seli iliyokaa bila kuzolewa hupasuka na kumwaga DNA na RNA yake nje, mahali ambapo vitu hivyo havitakiwi kuonekana.

Nyutrofili huzidisha tatizo. Hizi ni seli nyeupe za mstari wa mbele dhidi ya bakteria, na zina namna ya kufa kwa kutema nyuzi za DNA yao wenyewe kama jarife la kunasa wadudu. Kwenye maambukizi ni silaha nzuri. Kwenye lupasi nyavu hizo hutemwa ovyo na hazivunjwi haraka, na DNA iliyomo hushikana na protini zinazoilinda isiharibike.

Mzigo huo, ukiwa umefungamana na kingamwili, huingia kwenye seli adimu iitwayo seli ya dendriti ya plazmasitoidi. Haifiki hata moja kwenye mia ya seli nyeupe za damu, lakini ikiamka hutoa intaferoni ya alfa, protini ya kupelekea ujumbe, kupita seli nyingine yoyote. Ndani yake kuna vifuko vyenye asidi, na kwenye kuta za vifuko hivyo kuna vipokezi viwili: TLR7 kinachotambua RNA, na TLR9 kinachotambua DNA. Kazi yao ya asili ni kugundua virusi. Seli haina njia ya kujua kwamba RNA iliyoletwa ni ya mwenye mwili. Inaikuta kwenye njia ambayo kwa kawaida hupitiwa na virusi, basi inapiga mbiu. (Jeni ya TLR7 iko kwenye kromosomu X, na baadhi ya seli za mwanamke hutumia nakala zote mbili. Hiyo ni moja ya sababu zinazotajwa sana za ugonjwa huu kukamata wanawake karibu tisa kwa kila mwanamume mmoja.)

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kwenye lupasi mbiu inalia na adui hayupo, nacho kijiji kizima kimeshatoka. Intaferoni iligunduliwa mwaka 1957 kama kitu kinachozuia virusi kuzaliana, na mengi yanayompata mgonjwa wa lupasi yanafanana na ya mtu mwenye mafua makali: homa, misuli kuuma, uchovu usioondoka kwa kulala, seli nyeupe kushuka. Ndiyo maana tunawaomba ndugu wa mgonjwa wasimwite mvivu. Uchovu huo unaletwa na protini iliyomo kwenye damu yake, na hauondoki kwa kujikaza.

Mbiu hiyo huziamsha seli B. Nyingi kati ya seli B zinazotambua viungo vya mwili wenyewe zingekufa mapema, lakini saitokini (protini ya ujumbe kati ya seli) iitwayo BAFF, ambayo hupanda intaferoni inapopanda, huziongezea maisha. Seli T wasaidizi nazo huzipa saitokini nyingine, intaleukini 21, na seli B hugeuka kuwa seli za plazma zinazomwaga kingamwili dhidi ya DNA na dhidi ya protini za ndani ya seli ziitwazo Sm na Ro. Baadhi ya seli hizo za plazma huhamia kwenye uboho wa mfupa na kukaa humo miaka. Wakati huohuo intaleukini 2, inayolisha seli T za kutuliza ghasia, hutoka kidogo kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo upande wa kuchochea umejaa na upande wa kupoza umepungukiwa.

Kingamwili zikishikana na DNA huwa mafungu mazito yanayonasa kwenye vichujio vya figo, kwenye ngozi na kwenye utando wa viungo. Komplementi huja kuyashughulikia na hutumika kwa wingi, ndiyo maana protini zake za C3 na C4 hushuka kwenye damu ugonjwa unapopamba moto. Vipande vyake huita nyutrofili zaidi. Nyutrofili hutema nyavu zaidi. Mzunguko umekamilika, na hauhitaji kichocheo kipya ili uendelee.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 ulipima damu ya akiba ya wanajeshi 130 wa Marekani waliokuja kuugua lupasi. Katika 115 kati yao kingamwili zilikuwa tayari zimo kabla ugonjwa haujatambuliwa, wengine kwa zaidi ya miaka tisa. Mbiu hutangulia maumivu kwa mbali sana. Hili ndilo tunalorudia kila kliniki, kwa sababu kinyume chake pia ni kweli: maumivu yanaweza kunyamaza huku mbiu ikiendelea.

Hapo inaingia haidroksiklorokwini, dawa inayoachwa kuliko zote na isiyostahili kuachwa. Jina lake linaiponza. Mama wa makamo anaikumbuka klorokwini ya zamani, iliyokuwa inawasha mwili mzima, na ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Akimwona binti yake anameza kitu chenye jina hilo kila siku, anasema, "Mwanangu, umeshapimwa huna malaria, unameza ya nini?" Binti anaacha. Kwa hiyo tumejifunza kumwita na mama ndani, tumpe shikamoo yake, kisha tueleze wote wawili kwa pamoja. Dawa hii hujikusanya ndani ya vile vifuko vya seli ya dendriti na kupunguza asidi yake. Bila asidi, TLR7 na TLR9 hazifanyi kazi ipasavyo. Dawa inaziba tarumbeta.

Kipimo chake ni miligramu zisizozidi 5 kwa kila kilo ya uzito halisi kwa siku, na kwa kawaida haivuki 400. Kidonge kina miligramu 200. Mwenye kilo 60 anatakiwa miligramu 300, basi anameza kimoja leo na viwili kesho, apishanishe hivyo. Mwenye kilo 40 anameza kimoja tu. Kosa tunalolikuta sana ni kila mtu kuandikiwa viwili bila kupandishwa kwenye mizani, na mgonjwa mwembamba anapata kingi mno. Kosa la pili ni kutegemea nafuu baada ya wiki moja. Dawa hujaa mwilini taratibu, na nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya 6 na ya 12, wakati mwingine baadaye. Imezwe baada ya chakula ili isichafue tumbo. Macho yapimwe ndani ya mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka kuanzia mwaka wa tano, na mapema zaidi kama figo zina shida, kwa sababu figo dhaifu huiacha dawa ibaki nyingi mwilini na hatari kwa retina inaongezeka. Utafiti wa Kanada wa mwaka 1991 ulichukua wagonjwa waliotulia na kuwaondolea dawa hii baadhi yao. Walioondolewa walikuwa na uwezekano wa ugonjwa kulipuka mara mbili na nusu kuliko walioendelea.

Prednisoloni, dawa ya steroidi, huzima moto upesi, na hapo ndipo inapotudanganya. Hushusha saitokini nyingi, ikiwemo intaleukini 6, na mgonjwa hujisikia vizuri ndani ya siku chache. Lakini seli ya dendriti iliyoamshwa kupitia TLR7 na TLR9 haifi kirahisi kwa dozi za kawaida za prednisoloni, na intaferoni inaendelea kutoka. Mgonjwa anayetegemea prednisoloni peke yake hujikuta anapandisha dozi kila baada ya miezi michache, uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inalegea. Lengo letu ni kushuka hadi miligramu 5 kwa siku au chini yake, tukisaidiwa na haidroksiklorokwini na, inapobidi, dawa za kufubaza kinga kama azathioprini au maikofenoleti. Aliyeitumia zaidi ya wiki tatu asiikatishe ghafla hata akiishiwa akiwa msibani kijijini, kwa sababu tezi zake za adrenali zimeacha kutengeneza homoni yake ya asili. Kutapika, kizunguzungu na presha kushuka baada ya kuacha ni dharura.

Kabla ya dozi kubwa ya prednisoloni, uliza kazi ya mgonjwa. Aliyelima pekupeku kihambani au kwenye mashamba ya mpunga ya chini ya Moshi anaweza kuwa na minyoo ya strongiloidi, ambayo hukaa mwilini kimya miaka mingi na kusambaa kwa ukali kinga inapofubazwa. Prednisoloni hushusha pia eosinofili, ambazo ndizo zingetudokeza kwamba minyoo ipo. Ivermektini mikrogramu 200 kwa kilo, yaani vidonge vinne vya miligramu 3 kwa mwenye kilo 60, ni kinga ya bei ndogo kwa janga kubwa.

Homa kwa mtu ambaye tayari anajulikana ana lupasi ndiyo mtihani mgumu zaidi kliniki. Ni lupasi au ni maambukizi? Ukikosea upande mmoja unampa prednisoloni mtu mwenye kifua kikuu. Ukikosea upande mwingine unamwacha figo zikiungua huku akinywa antibiotiki. Saitokini zenyewe zinatupa dokezo. Kwa kawaida intaleukini 6 huamuru ini litengeneze CRP, protini inayopanda kwenye damu mwili unapopambana na maambukizi, lakini intaferoni hulizuia ini kufanya hivyo. Kwa hiyo lupasi inapolipuka, kipimo cha kuzama kwa damu (ESR) hupanda sana na CRP hubaki chini au hupanda kidogo tu. CRP ikipita miligramu 50 au 60 kwa lita, tafuta maambukizi kwanza. Lipo pengo moja la kukumbuka: majimaji kwenye utando wa moyo au wa mapafu, na maumivu makali ya viungo, hupandisha CRP hata bila maambukizi.

Seli nyeupe nazo husomwa kwa uangalifu. Lupasi iliyoamka hushusha limfosaiti. Prednisoloni hupandisha nyutrofili kwa kuzibandua kwenye kuta za mishipa, hivyo idadi ya 14,000 kwa mgonjwa aliyeanza dozi juzi si lazima iwe ni maambukizi. Taifodi hushusha seli nyeupe pia, na Widal ya mara moja haitoshi kuithibitisha. Kwa hiyo kila homa ipate kipimo cha malaria, picha kamili ya damu, CRP, mkojo, picha ya kifua, na damu ya kuotesha ikichukuliwa kabla ya antibiotiki ya kwanza. Ikichukuliwa baada yake, mara nyingi hupati jibu.

ANA, kipimo cha kingamwili dhidi ya viini vya seli, nayo imewatesa wengi kwa upande wa pili. Kipimo hiki kikiwa hasi, lupasi ni vigumu kuwepo. Kikiwa chanya, bado hakijasema kitu. Damu ikizimuliwa kwa uwiano wa 1:80, karibu watu 13 kati ya 100 wenye afya njema huwa chanya, na maambukizi ya muda mrefu, malaria ikiwemo, huamsha seli B kwa jumla na kuongeza idadi hiyo. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2019 vinatumia ANA ya 1:80 kama mlango wa kuingilia tu, kisha alama zihesabiwe hadi zifike 10. Maabara iandike uwiano na umbo la mng'ao. Neno "chanya" peke yake halitoshi. Na mama mjamzito ambaye RPR yake, kipimo cha awali cha kaswende, imetoka chanya huku kipimo mahususi cha kaswende kikiwa hasi, asiishie kupewa sindano na kuulizwa habari za ndoa yake. Lupasi hutengeneza kingamwili dhidi ya kadiolipini, aina ya mafuta ya fosfolipidi, na kadiolipini ndiyo inayotumika kwenye RPR. Apimwe kingamwili dhidi ya fosfolipidi, hasa kama mimba zimekuwa zikitoka.

Jua la kwetu linahitaji maneno yake. Tuko takriban nyuzi 3 kusini ya ikweta. Moshi mjini iko mita mia nane hadi mia tisa hivi juu ya bahari, Arusha karibu 1,400, na Kibosho, Uru na Marangu ziko juu ya Moshi mjini. Kila mita 1,000 unazopanda, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mwezi wa saba Arusha kuna baridi na mawingu, watu hawaoni jua, lakini sehemu kubwa ya mionzi hupenya mawingu. Mionzi huua seli za ngozi ya juu, na zinapokufa protini ya Ro husogea hadi kwenye uso wa seli, ambako kingamwili huidaka. Seli za dendriti hukimbilia pale na mbiu huanza upya, safari hii ikitokea kwenye ngozi. Vipele vinaweza kuchelewa hadi wiki mbili au tatu, ndiyo maana mgonjwa haviunganishi na mazishi aliyosimama juani Jumamosi ile.

Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, mwavuli, na kukwepa saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni: watu wenye ualbino wamefundishwa haya kwa miaka mingi katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC hapa Moshi, ambako pia mafuta ya kukinga jua ya Kilisun yalianza kutengenezwa kwa ajili yao, na mgonjwa wa lupasi anaweza kuyachukua mafunzo hayo kama yalivyo. Mafuta yawe ya SPF 30 au zaidi, kijiko kimoja cha chai kwa uso na shingo, na yarudiwe kila baada ya saa mbili. Rangi nyeusi hupunguza mionzi lakini haitoshi. Kwenye ngozi yetu pia usitafute wekundu ule wa vitabuni. Vipele vya mashavuni huonekana vyeusi zaidi au vya zambarau, na huiacha mikunjo inayotoka puani kwenda pembe za mdomo. Aliyejipaka mkorogo wenye steroidi anaweza kuwa na uso unaofanana sana na huo, kwa hiyo aulizwe, kwa upole na faraghani.

Yapo mambo tunayoyasema kwa kifupi lakini kila mara. Septrini, antibiotiki inayotolewa kirahisi kwa kila kikohozi, huweza kulipua lupasi. Isoniazidi ya kifua kikuu huweza kuleta lupasi ya dawa, ambayo kwa kawaida huondoka dawa ikisitishwa na daktari. Unga wa alfalfa una kanavanini inayochochea kinga, na dawa nyingi za kuongeza kinga zinazouzwa mitaani zinamwongezea mafuta mtu ambaye nyumba yake inaungua. Anayetaka mtoto asubiri ugonjwa utulie angalau miezi 6, aache maikofenoleti wiki 6 kabla kwa maelekezo ya daktari, aendelee na haidroksiklorokwini mimba nzima. Mwenye kingamwili za Ro, moyo wa mtoto ufuatiliwe kuanzia wiki ya 16, kwa kuwa wawili hivi kati ya mia huathirika mfumo wa umeme wa moyo.

Dawa mpya zimethibitisha ramani hii ya mbiu. Belimumab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 hukamata BAFF. Anifrolumab ya mwaka 2021 huziba kipokezi cha intaferoni. Huko Erlangen, Ujerumani, madaktari wamechukua seli T za mgonjwa, wakazifundisha kuua seli B na kumrudishia, na baadhi ya wagonjwa wamekaa bila dawa yoyote. Dawa za kuzuia TNF, saitokini nyingine, kinyume chake, zinaweza kusababisha lupasi. Saitokini haziko sawa, na kuzima yoyote tu si tiba.

Hapa kwetu silaha yenye thamani kuliko zote bado ni kijiti cha mkojo. Figo za lupasi haziumi. Mafungu ya kingamwili yananasa, komplementi inaliwa, protini inavuja, na mgonjwa anacheka na kufanya kazi. Tunaomba mkojo wa kwanza wa asubuhi, wa katikati, usiochukuliwa siku za hedhi, upimwe haraka kabla haujakaa. Kijiti kisomwe kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kwa protini mara nyingi sekunde 60. Kikisomwa dakika tano baadaye rangi hudanganya, na kopo likiachwa wazi unyevunyevu wa masika huviharibu vyote vilivyobaki. Msalaba mmoja, au damu isiyo ya hedhi, urudiwe ndani ya wiki moja hadi mbili. Ukirudi vilevile, pima uwiano wa protini na kreatinini. Ukifika gramu 0.5 kwa gramu, mgonjwa anatakiwa kupelekwa mahali panapochukuliwa kinyama cha figo, kwa sababu daraja la tatu na la nne la lupasi ya figo hutibiwa kwa nguvu na daraja la pili halihitaji hivyo, na kwa macho hayatofautishiki. Presha ipimwe siku hiyohiyo, miguu ibonyezwe. Diklofenaki isimamishwe papo hapo.

Tunarudia kijiti kila kliniki, hata kwa aliyekuja kuchukua vidonge tu na anaharakia basi la Rombo.